Ziara ya Maghala ya Mvinyo, Siku za Msiba

Masika, mshona nguo wa mtaa wa Jeppestown, alimsifu mwanawe Ruphin kuliko alivyomsifu Mungu. Ruphin alikuwa Ufaransa, katika kijiji chenye maghala ya mvinyo yaliyochimbwa chini ya ardhi tangu enzi za wafalme, na kazi yake, kwa kauli yake, ilikuwa kuwatembeza watalii. Kila mteja aliyekuja kupimwa gauni aliyasikia hayo, apende asipende.

Kisha Jacques, mumewe, akafa. Katika ukoo wa Jacques, udongo wa kwanza kaburini hutupwa na mtoto wa kwanza, naye ni Ruphin. Basi maiti ikabaki mochwari, waombolezaji wakajaa katika fleti yao ya mtaa wa Joubert Park, na Steve, mdogo wa marehemu, akaanza kusema kwamba bwana wa Ulaya amemtupa baba yake. Masika aliona aibu hata chakula kikamshinda.

Akapiga simu ya video, wote wakisikiliza.

"Ruphin, batu banakungojea. Utakuya siku gani?"

"Ngoja kwanza, mama, nikuonyeshe kazi yangu."

Akashuka ngazi za mawe, picha ikitikisika. Akaonyesha mapipa makubwa, kuta zilizoota ukungu mweusi, chupa zilizolala chini ya vumbi. Akasimulia nani alizificha chupa zake nyuma ya ukuta wakati wa vita. Alisema upesi upesi, kama mtu anayekimbizwa.

"Maiti haizikwi kwa hadithi za pombe," Steve akaguna.

Masika naye alikuwa amechemka. Alitaka siku, hakutaka mapipa.

"Nimekuuliza siku, Ruphin."

Simu ikamponyoka Ruphin mkononi, na alipoidaka ilikuwa imegeukia pembeni. Nyuma ya pipa la mwisho palikuwa na godoro, sufuria, na shuka la viraka. Masika alilijua shuka lile. Alilishona mwenyewe kwa mabaki ya vitenge vya wateja, akampa mwanawe siku ya kuondoka. Hakuna mwenye nyumba anayelala kule. Asiye na vibali vya kuishi nchini ndiye hulala kule, na huyo akitoka Ufaransa haruhusiwi kurudi tena.

Uso wa Ruphin ukarejea kwenye kioo, umekonda.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Masika aliisogeza simu karibu na kifua ili Ruphin asionekane na mwingine.

"Ghala ni zuri," alisema. "Baridi iko mingi kule chini? Ujifunike muzuri, mwanangu."

Akakata simu, akawageukia waombolezaji.

"Haji. Mimi ndiye nimemkataza. Kazi yake haiachiki."

Steve alimwambia mbele ya watu kwamba mama wa namna hiyo hana utu. Makaburini hakuna aliyesimama karibu na Masika. Aliinama, akatupa udongo wa kwanza, kisha akachota tena akatupa wake mwenyewe, na hakumwambia mtu ule wa kwanza ulikuwa wa nani.