Chakula Alichokipenda Habuba

Iko siku moja, mwanangu, ambayo kila ikinijia huja na harufu yake: moshi wa kuni mbichi na karanga zinazokaangwa, uani kwa Mama Nandutu, mjini Mbale. Ulikuwa mwaka wa vita. Sisi tulikuwa watu wa Bugembe, nje kidogo ya Jinja, Wanubi, wajukuu wa askari waliotoka Sudani zamani. Majeshi yaliyokuja kuiangusha serikali yalipokaribia, baba aliona kwamba, kwa vile askari wengi wa serikali hiyo walikuwa Wanubi, asili yetu peke yake ingetosha kutuletea balaa, nasi tukaondoka na vile tulivyoweza kubeba. Mama Nandutu, mjane wa Kigisu aliyekuwa akifanya biashara na baba, alitupa chumba nyuma ya nyumba yake na hakutuuliza tungekaa mpaka lini.

Habuba, ndivyo tunavyomwita bibi kwa Kinubi, aliingia Mbale akiwa mgonjwa, na alifia katika chumba kile. Tulimzika kwa haraka, watu wachache, sauti zikiwa chini. Baada ya hapo wakubwa walinyamaza. Sisemi kwamba walimsahau. Walikuwa na hofu nyingi, na mtu mwenye hofu hupata shida kuhuzunika sawasawa. Mama alikuwa amenikataza hata kusema Kiswahili sokoni, kwa kuwa watu walikuwa wamekisikia mno midomoni mwa askari. Na Kiswahili ndicho Habuba alichonibembelezea, basi nikawa sina hata mahali pa kumtaja.

Mimi nilikuwa msichana mdogo, na huzuni yangu ilikuja kwa sura ya maswali. Nilitaka kujua ni nani aliyemfundisha Habuba kupiga mluzi, kama aliwahi kuogopa mbwa, alikuwa akiitwaje na mama yake. Kila nilipouliza niliambiwa nikachote maji. Nikaanza kuamini kwamba kila swali lililokosa jibu lilikuwa likimpunguza, na kwamba siku moja ningeamka nikute hakuna kilichobaki.

Arobaini ikakaribia. Katika familia yetu, siku hiyo baada ya dua hupikwa chakula alichokipenda marehemu, na majirani wakala kwa niaba yake. Wakati wa neema hupikwa vingi, na hakuna anayelazimika kuchagua. Mwaka ule tulikuwa na uwezo wa chungu kimoja. Nikaona hapo pana swali ambalo hawangeweza kunifukuza nalo.

"Habuba alipenda kula nini?" nilimuuliza baba, wote wakiwa uani.

"Ngege," alijibu papo hapo. "Ngege wa Masese, samaki wa ziwa letu, anayepikwa siku ileile aliyovuliwa. Hilo nalo la kuuliza?"

Mama aliacha kupepeta. "Mama yako alikula ngege ili usile peke yako. Alichokipenda ni kisra, ule mkate mwembamba wa unga uliochachuka, na bamia. Aliniambia mwenyewe, jikoni."

"Nyinyi mmemjua jana," alisema Babu Ramadhani, kaka yake Habuba, ambaye alikuwa askari enzi za Waingereza na bado aliketi kama anayesubiri gwaride. "Dada yangu alipenda nyama iliyokaushwa juani. Tangu tukiwa wadogo."

"Afande, wewe meno ya kutafuna hiyo nyama iko wapi?" Mama Nandutu alimdaka kutoka jikoni, kwa Kiswahili chake cha sokoni, ambacho ndicho pekee alichozungumza na Habuba. "Huyo mama alikuwa napenda malewa. Hapa, na mimi, sahani moja. Alisema kwao Jinja hakuna kitu tamu kama hii."

Malewa, mwanangu, ni machipukizi ya mianzi ya mlimani, yanayokaushwa kwa moshi na kupikwa na karanga. Habuba alikuwa ameishi na chakula hicho kwa muda mfupi tu, lakini Mama Nandutu alizungumza kwa uhakika uleule wa Babu.

Wakabishana. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi jina la Habuba kupita mdomo hadi mdomo, nami sikutaka kulikatiza. Nilikuwa na jibu langu pia: nilijua kwa hakika kwamba alipenda mandazi, kwa sababu tulikula pamoja kila alasiri na aliniambia hakuna kinachoyashinda. Nilikuwa karibu kulisema. Ndipo nikamtazama baba, namna alivyomeza mate alipotaja ngege. Nikamtazama Babu. Nikakumbuka kwamba mandazi nilikuwa nikiyapenda mimi.

"Baba," niliuliza, "wewe chakula unachokipenda ni kipi?"

"Ngege," alianza kusema, kisha akamgeukia mama. Mama aliweka ungo chini. Babu Ramadhani ndiye aliyecheka kwanza, kicheko kirefu kilichoishia kwenye kukohoa.

"Dada yangu ametudanganya sote," alisema. "Maisha yake yote. Alikula kila mtu alichopenda, ili mtu asione yuko peke yake."

"Na chake?" nikauliza.

Babu alifuta macho kwa kiganja. "Chake hatukijui. Hatukumuuliza. Sasa wewe acha kuwahoji waliolala, mjukuu wangu. Wahoji hawa walioketi."

Siku ya arobaini tulipika malewa, kwa kuwa ndiyo yaliyopatikana. Majirani walikula. Mama aliwapakulia wote, kisha akabaki jikoni akikwangua sufuria, kama nilivyokuwa nimemwona akifanya maisha yangu yote bila kumwona. Nikamfuata, nikamuuliza yeye anapenda nini.

"Kisra," alisema.

"Hiyo aliipenda baba yako mzazi, babu yangu. Uliniambia tulipokuwa bado Bugembe. Ndiyo maana ulikuwa ukimpikia yeye."

Aliacha kukwangua. "Ngoja nifikirie," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeulizwa habari za nchi ngeni. Siku kadhaa zilipita. Kisha asubuhi moja, tukiwa tunaanika nguo, alisema bila utangulizi: "Muhogo wa kuchoma. Wenye pilipili. Niule nimesimama, na mtu asiniite."

Vita vilipita, tukarudi Bugembe, tukakuta nyumba haina milango, tukaanza upya polepole kama kila mtu. Nilisoma hadi chuo kikuu, na huko nilifundishwa njia nyingi za kuuliza, lakini sikupata iliyo bora kuliko ile. Kila niliporudi nyumbani nilimchomea mama muhogo, nikakaa mlangoni nikiwazuia watu wasimwite. Alipofariki, uzeeni, ndugu zangu walikusanyika Jinja kupanga arobaini yake. Hakuna aliyebishana.

Kwa hiyo nakuusia hivi, mwanangu, wewe yeyote ambaye bado unalia kwa ajili ya bibi au babu. Usione aibu kwa maswali yanayokusumbua, hata yakiwa ya kitoto. Uliza, na ukipata majibu manne yanayopingana, yasikilize yote, kwa maana kila moja lina kipande cha upendo wake. Kubali pia kwamba mengine hayatajulikana kamwe, na kwamba kutojua huko ni sehemu ya huzuni; pengo hilo usilijaze kwa uongo. Kisha geuka uwatazame walio hai, hasa yule anayepakua na kula wa mwisho. Muulize anapenda nini. Asipokuwa na jibu, mpe muda, urudi.

Mwenyezi Mungu awape nuru waliotutangulia, akupe wewe masikio yenye subira, na akuzungushie watu watakaokuuliza nawe, mapema, ungali na pumzi ya kuwajibu.