Koti Moja la Mahakama

Fundi aliingia kituo cha polisi akiwa na miaka kumi na tisa, na wala hakuingia na pingu. Aliingia na futi yake ya kupimia shingoni, elimu yake ikiwa imeishia shule ya msingi, na haya zake zikiwa zimejaa kifua kizima. Alikuwa mtu wa kuongea na kitambaa kuliko na watu. Hata siku ya harusi yake, alipoulizwa kama amekubali, mjomba wake ndiye aliyejibu, na ndugu wa bibi harusi wakanong'ona, "Sasa huyu anaoa yeye au anaoa mjomba?"

Siku hizo chumba cha mafundi kilikuwa nyuma ya ghala la silaha. Kilikuwa na cherehani tatu na mafundi watatu, na majora ya kaki yalipangwa ukutani mpaka yakakaribia dari. Vifungo vya shaba vililetwa kwa makasha. Kila askari alipata sare mbili kwa mwaka na jozi ya viatu vilivyolia ko-ko-ko sakafuni, ukajua serikali inapita. Ijumaa asubuhi askari walijipanga uwanjani, na fundi mkuu, mzee mkali kama pilipili, alipita nyuma yao na chaki mkononi. Palipolegea pindo, aliweka alama. Mwenye alama tatu hakutoka nje ya geti mpaka ashonewe, awe na haraka asiwe na haraka.

"Afande, nina mwizi ananisubiri!" askari mmoja alilalamika siku moja.

"Akusubiri vizuri," mzee akamjibu. "Hata yeye hapendi kukamatwa na mtu aliyechanika makalio."

Fundi alicheka mpaka akajichoma sindano. Alikuwa kijana, na alidhani mambo yatakuwa hivyo siku zote.

Kisha bajeti ikaanza kukatwa. Haikukatwa kwa panga; ilikatwa kwa mkasi, kidogo kidogo, kama mtu anayepunguza suruali. Mwaka mmoja vifungo vya shaba vikawa vya plastiki. Mwaka mwingine kaki ikaja jora moja, na lililofuata halikuja. Fundi mkuu alistaafu, hakuletwa mwingine. Fundi wa pili akaenda kushona magauni sokoni. Magari matatu yakabaki moja, nalo kupata mafuta ilikuwa bahati nasibu. Mtu akija kushtaki wizi, aliulizwa kwanza kama amebeba karatasi ya kuandikia maelezo yake. Askari walivaa viatu vya kujinunulia, kila mtu na rangi yake, na Ijumaa hawakujipanga tena, maana hakuna aliyetaka kutazamwa.

Makoti ya sare, yale ya kuvaa mtu anapokwenda kutoa ushahidi, yalichakaa moja baada ya jingine mpaka likabaki moja. Na hakimu wa pale alikuwa hana mchezo. Askari asiye na koti kamili alimrudisha mlangoni kama mtoto wa shule aliyechomoa shati.

Basi Fundi akabuni utaratibu. Sajini waliyemwita Tanki alikuwa na mwili wa kutosha watu wawili na akiba. Koplo alikuwa mama kijana mwembamba kama ufito. Wote wawili walivaa koti lile lile. Ilipokuwa zamu ya Tanki, Fundi alifumua mbavu za koti na kushona tepe ya tatu kwenye kila mkono. Ilipokuwa zamu ya Koplo, alibana mbavu kwa mshono mrefu wa kufumulika na kung'oa tepe ya tatu mikono yote miwili, zibaki mbili mbili za ukoplo. Mwenye koti akitoka kizimbani, Fundi alikuwa benchi la nyuma akilisubiri, alirudishe mezani mapema kwa ajili ya mwingine.

Mkuu wa kituo aliwaita ofisini akawaonya. "Hili jambo liishie getini. Watu wakijua kituo kizima kina koti moja, nani atatuogopa?"

Wakaapa kunyamaza. Kwa Fundi hilo halikuwa kazi.

Ikaja kesi ya pampu. Mama mmoja mjane, muuza miche ya maua na matunda, aliibiwa pampu ya maji aliyonyweshea kitalu chake. Koplo alimkamata mwizi kwa miguu yake mwenyewe, pampu imefungwa nyuma ya baiskeli. Kesi iliahirishwa mara mbili kwa sababu gari halikuwa na mafuta ya kumleta mshtakiwa mahakamani. Pampu ilikaa kituoni kama kielelezo, na miche ya mama ikaendelea kukauka. Mara ya pili hakimu alisema wazi: siku ijayo ushahidi usipokamilika, mshtakiwa anakwenda nyumbani.

Jioni ya kuamkia siku hiyo Koplo alikuja kujaribu koti. Fundi, ambaye hakuwa na maneno kwa mtu, kwa Koplo aliyapata, labda kwa sababu alikuwa wa rika la bintiye.

"Hebu nisimulie tena ya yule mzee wa chaki," Koplo alimwambia huku akiinua mkono apimwe.

Fundi akasimulia. Alibana ubavu mmoja akisimulia, akabana wa pili akisimulia, akang'oa tepe ya mkono wa kulia. Alipofika pale pa mwizi anayesubiri, Koplo alicheka mpaka akaegemea cherehani, naye Fundi akakumbuka majora, makasha, kelele za cherehani tatu zikienda pamoja kama mvua kwenye bati. Akafuta macho, akalikunja koti, akampa.

Asubuhi, Koplo alisimama kizimbani akala kiapo. Fundi alikuwa benchi la nyuma. Koplo alieleza vizuri, neno kwa neno, mpaka wakili wa mshtakiwa aliposimama kumhoji. Wakili akamtazama kulia, akamtazama kushoto, akatabasamu kama paka aliyeona mfuniko umeachwa wazi.

"Shahidi, cheo chako ni nini?"

"Koplo."

"Mheshimiwa hakimu, mkono wake wa kulia ni koplo. Mkono wa kushoto ni sajini. Nimhoji yupi?"

Mahakama nzima ikaangua kicheko. Fundi akalitazama koti. Tepe tatu, mkono wa kushoto. Ile ya tatu ameisahau.

"Eleza," hakimu alisema.

Koplo akaufunika mkono wa kushoto kwa wa kulia. Alikuwa amekula kiapo kwa hakimu asiseme uongo, na ameapa kwa mkuu wake asiseme ukweli.

"Mheshimiwa," wakili akaendelea, "mtu anayejipachika cheo kisicho chake mbele ya mahakama, tutaaminije kwamba hakumpachika na mteja wangu pampu? Naomba ushahidi wake wote uondolewe."

Bila ushahidi ule hapakuwa na kesi. Mama wa miche alikuwa amekaa mbele ya Fundi, na Fundi akaona mabega yake yakishuka. Hakimu akachukua kalamu.

Fundi mwenyewe hakujua amesimama saa ngapi.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe ni nani?"

"Fundi, mheshimiwa. Fundi wa nguo. Hiyo tepe nimeisahau mimi." Sauti ilikuwa ndogo, karani akamwambia apaze. Akapaza. "Koti ni moja. La kituo kizima. Leo la koplo, kesho la sajini. Jana nilikuwa naongea habari za zamani, nikang'oa mkono mmoja, wa pili nikausahau. Yeye hana kosa. Ukitazama ndani ya mbavu utaona mshono, hata uzi wake haufanani."

Hakuna aliyecheka. Hakimu alimwita Koplo, akafunua pindo la koti, akautazama ule mshono mrefu kwa muda.

"Unaweza kuirekebisha sasa hivi?"

"Naweza, ila wembe wangu umebaki kwa mlinzi mlangoni."

"Basi tumia ulichonacho."

Fundi alikwenda mbele, akaushika mkono wa Koplo, akazikata nyuzi kwa meno, mbele ya hakimu, wakili na umati. Koplo alimnong'oneza, "Baba, mkono unatetemeka." Naye akajibu huku ana uzi mdomoni, "Wako au wangu?"

Hakimu aliandika maelezo ya Fundi kitabuni, akamwambia wakili aendelee na maswali ya pampu, kama anayo. Hakuwa nayo mengi. Kabla ya saa sita mwizi alitiwa hatiani, na mama wa miche akaambiwa akachukue mali yake.

Habari ilifika kituoni kabla ya Fundi. Mkuu wa kituo alimwita, akafunga mlango na dirisha.

"Umetuvua nguo hadharani, Fundi."

"Nimekosa, afande."

"Niliwaambia liishie getini! Miaka yote hii hujawahi kusema neno, ukachagua kusema mahakamani?"

Fundi alifikiri juu ya mkewe, na namna atakavyomwambia kwamba kazi imekwisha kwa sababu ya tepe moja. Mkuu alizunguka meza mara mbili, akapumua kwa nguvu, kisha akakaa, hasira zikimtoka kama upepo kwenye tairi.

"Wiki ijayo mimi mwenyewe nimeitwa makao makuu," alisema kwa sauti ya chini. Akavua koti lake la ofisini, lile ambalo hakuwahi kulivua hata jua liwe kali vipi, akaligeuza. Bitana ilikuwa imechanika kutoka begani mpaka kiunoni, na mgongo wa shati lake chini yake ulikuwa viraka vitupu, vimeshonwa kwa mkono na mtu asiyejua kushona.

"Nani alikushonea hivi, afande?"

"Nilishona mwenyewe."

Fundi alivaa miwani, akavipapasa vile viraka kimoja kimoja. "Ungeniambia tu, afande," alisema. "Lete na shati."