Kikohozi cha Arseni

Mume wangu Arseni alikuwa mvuta pazia katika jumba la opera la mji wetu, kando ya Volga. Pazia lile lilikuwa zito, na vumbi lake lilimwingia kifuani likafanya makao.

Jioni waliyorekodi santuri, ukumbi ulijaa. Mwimbaji mkuu, mwanamke, akafa jukwaani mwishoni kama ilivyopangwa. Hapo muziki hunyamaza kidogo kabla ya pazia kushuka. Katika kimya kile Arseni akakohoa. Mara moja tu.

Mwimbaji alikuwa anasafiri kesho yake, hakukuwa na kurudia. Santuri ikatoka na kikohozi ndani, na mkurugenzi akamfukuza Arseni bila hata asante. Mtaani wakamfanya kichekesho.

"Arseni, leo unakohoa besi au sauti ya kike?"

"Lete vodka kwanza. Wasanii hatukohoi bure."

Alicheka nao. Nyumbani alilala akitazama ukuta. Tulimzika wakati wa baridi, ardhi imeganda mpaka wachimbaji wakawasha moto juu yake kwanza.

Sina picha inayozungumza. Sina sauti yake nyingine. Kila niliporudi kutoka kazini, kufua mashuka ya hospitali, niliweka sindano ya gramafoni palepale kwenye santuri: mwanamke anakufa, kimya, kikohozi.

"Vaa skafu, Arseni," nilimwambia.

Niliirudia mno. Sindano ikapala pale pote, ikabaki mikwaruzo. Mimi mwenyewe nilimmaliza.

Halafu redio ikatangaza kwamba opera ile inatolewa upya kwenye sidii. Nilikwenda mbio kwenye studio iliyoitengeneza, na viatu vya manyoya vimelowa theluji. Fundi wao, Gleb, alinipokea vizuri.

"Utaipenda, mama. Tumeisafisha, haina hata chafya."

"Na kile kikohozi cha mwisho?"

"Ah, kile! Kilitutesa kuliko vyote. Tumekitoa kabisa."

"Basi nipe mkanda wa zamani, ule waliorekodia."

"Ulikuwa unakatikakatika. Tumeutupa."

Akanipigia sidii ile. Mwanamke akafa. Kimya. Makofi.

Walikuwa wamemfukuza kazini. Sasa wamemfukuza na humu.

"Gleb, mwanangu, hizo kelele mnazofuta huwa mnaziweka wapi?"

Akacheka, akidhani natania. "Kelele haziwekwi, mama. Zikifutwa zimefutwa."

Sikuondoka. Nilisimama pale, kitambaa cha kichwa mkononi, nikamwomba akitafute kikohozi kile hata hivyo.