Safari ya Mbuvi kwenda Memphis

Kaka yangu Mbuvi haiweki kamwe helmeti yake sakafuni. Akiingia nyumbani kwa mtu na kukaribishwa kiti, huketi akaipakata kama mtoto mchanga, na huipakata hivyo hivyo akinywa chai, akila, hata akisikiliza mahubiri kanisani kwetu Blacktown, hapa Sydney. Mtu akimuuliza, humweleza kwamba zamani, Machakos, aliiacha barazani kwa mfugaji mmoja, na alipotoka zizini kutibu ng'ombe, kuku alikuwa ameshataga ndani yake. Aliivaa kabla ya kutazama. Watu hucheka. Mimi niliyekuwa nikimfulia nguo siku hizo naikumbuka kola ya lile shati.

Alikuwa ofisa wa mifugo wa daraja la chini kabisa, na serikali ilikuwa imempa pikipiki. Baba alikuwa amefariki. Mshahara wa Mbuvi ndio ulionipeleka sekondari na baadaye chuo kikuu, na pikipiki ile ndiyo iliyonifikisha shuleni kila muhula, sanduku langu la bati likiwa limefungwa nyuma yangu kwa kamba ya katani. Baadaye mkewe Rhoda, ambaye ni nesi, alipata kazi hapa Australia, naye akamfuata. Mimi nikaja mwisho. Katika nchi hii nzima sina ndugu mwingine wa tumbo moja. Nasema hivi mapema ili ieleweke nilikuwa naogopa nini.

Hapa Mbuvi hatibu ng'ombe. Anafanya kazi katika makao ya wazee huko Merrylands: anawaogesha, anawavalisha, anawatoa kitandani na kuwaweka kwenye kiti, jioni anawarudisha. Kazi anaipenda, ingawa siku nyingine hurudi nyumbani na kukaa kimya sana. Furaha yake iko Jumamosi, tunapokutana bustanini. Huko manispaa imeweka majiko ya umeme ya kuchomea nyama, safi, ya bure, ya kubonyeza kitufe. Mbuvi huyaita pasi. "Huyu mbuzi mnamchoma au mnamnyoosha?" huuliza, kisha huenda kufungua buti la gari la Rhoda na kutoa jiko lake la makaa.

Safari ilianzia sebuleni mwa yale makao. Ilikuwa mapema mwaka huu, 2015. Televisheni ilikuwa ikionyesha Memphis, mji wa kusini mwa Marekani unaojulikana kwa nyama ya kuchoma, na Mbuvi alikuwa akimlisha mzee mmoja uji. Walionyeshwa wanaume wamekaa kwenye viti vya kukunja kando ya moto wa kuni, wakilinda bega la nguruwe kuanzia jioni hadi kesho yake, bila haraka, wakibishana kuhusu chumvi. Mbuvi aliniambia alisahau kijiko hewani. Hakujua kwamba kuna Wazungu, na watu weusi pamoja nao, wenye subira ya nyama kama ya watu wa Machakos.

Yule mzee aliwahi kuwa dereva wa lori. Kila asubuhi Mbuvi ndiye aliyemvalisha soksi. Alimeza uji wake, akamwambia, "Nenda sasa, ungali unajivalisha soksi mwenyewe."

Jioni hiyo Mbuvi aliitandaza ramani ya Marekani juu ya meza ya chakula, na kwa muda mrefu baada ya hapo familia ile ilikula kwa kupakata sahani. Mpango ulikuwa kuruka hadi Atlanta, kukodi pikipiki huko, kisha kupita njia ndogo ndogo za Alabama hadi Memphis. Binti yake Jacky alimtafutia nyumba za kulala kwenye kompyuta. Mbuvi alimuuliza kwa Kiswahili, naye akamjibu kwa Kiingereza, kama walivyozoea, na sijui nani kati yao alikuwa na wasiwasi mdogo zaidi.

"Si ungekodi gari tu?" nilimwambia siku moja.

"Gari ni chumba, Mumbua," alisema. "Mimi kazi yangu ni kutoa watu chumbani na kuwarudisha chumbani."

Rhoda alikuwa akipiga pasi sare yake. "Mwache," aliniambia bila kuinua macho. "Mimi nilipoolewa, pikipiki nilishaikuta nyumbani. Ni mke mwenzangu huyo."

Lakini nilimwona akirudia kuipiga pasi kola ileile.

Mwenzake wa safari angekuwa Masumbuko. Huyu ni mtu wa Bukavu, baba wa watoto watatu, fundi wa kunyoosha mabodi ya magari huko Granville. Alipofika Sydney hakuwa na mtu, na Mbuvi ndiye aliyempokea. Kwao Kongo magari hupita upande wa kulia wa barabara, na Masumbuko alikuwa ameendesha pikipiki ya abiria huko tangu ujana wake. Wiki za kwanza hapa alikuwa hatari tupu. Mbuvi ndiye aliyemfundisha kushika kushoto. Alimfundisha kwa njia moja tu: alitangulia na pikipiki yake, akamwambia, "Tazama taa yangu ya nyuma, usitazame kitu kingine." Wakaenda hivyo hadi Parramatta, hadi Penrith, hadi milimani. Tangu wakati huo wakitoka pamoja Mbuvi yuko mbele na Masumbuko yuko nyuma, na hakuna aliyewahi kulifikiria jambo hilo tena.

Ni Masumbuko aliyelianzisha suala la barabara za Marekani. Tulikuwa kwa Mbuvi tukila, akaiangalia ile ramani, akacheka.

"Mzee, kule Amerika barabara iko ya mkono wa kuume. Unajua?"

"Najua."

"Unajua na kichwa. Mimi nauliza mkono."

Mbuvi alicheka pia, lakini aliacha kutafuna kwanza. Kenya tunapita kushoto. Hapa tunapita kushoto. Maisha yake yote, tangu pikipiki ya serikali, kaka yangu hakuwahi kupita upande mwingine wa barabara isipokuwa kwa makosa.

Basi wakakubaliana kufanya mazoezi. Mwajiri wa Masumbuko alimpa ruhusa ya kutumia uwanja wa karakana siku za Jumapili, wakati umefungwa. Walichora barabara kwa chaki, wakapanga matairi mabovu kuwa njia panda, na kwa sababu njia isiyo na gari linalokuja haifundishi kitu, nikaombwa nije na gari langu dogo. Kazi yangu ilikuwa kuja polepole kutoka upande wa pili, nikishika kulia kama Mmarekani. Nilikubali kwa sababu nilifikiri hofu ikipewa kazi itapungua.

Jumapili ya kwanza Mbuvi alienda vizuri. Ya pili alienda vizuri zaidi. Nilimwona midomo ikicheza ndani ya helmeti: alikuwa akijisemea, kulia, kulia, kila alipokaribia matairi. Masumbuko alisimama katikati akimtania.

"Mzee, wewe ni mtoto wa Mwingereza kabisa. Malkia akikuona atalia."

"Nyamaza, wewe. Nani alikutoa kwenye mtaro pale Granville?"

"Ni wewe, Mzee. Ndiyo maana nakulipa."

Jumapili ya tatu upepo uliingia uwanjani. Mbuvi alikuwa akitoka kwenye kona, nami nakuja. Kipande kikubwa cha nailoni kiliinuka kutoka kwenye lundo la taka na kumrukia usoni. Hakikumgusa. Lakini alishtuka, na aliposhtuka akakwepa kuelekea kushoto, mahali ambapo mwili wake umekimbilia usalama maisha yote. Kushoto kwake ndipo nilipokuwa. Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Alisimama mbele ya bampa langu, karibu kiasi kwamba niliona uzi uliochomoka kwenye glovu yake.

 Injini yangu ilizimika yenyewe. Kupitia kioo nilimwangalia kaka yangu, naye akaniangalia, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyepotea ndani ya nyumba yake mwenyewe. Kisha akashuka, akavua helmeti, akakaa juu ya tairi na kuipakata.

"Nilikuwa nimejua," alisema. "Nilikuwa nimeshajua kabisa."

Nilielewa siku hiyo kwamba alikuwa amejifunza yote ambayo akili inaweza kujifunza, na kwamba hayatoshi. Akiwa anafikiri, angefika Memphis. Lakini nani anafikiri kila dakika barabarani? Mbwa atakatiza. Nyuki ataingia kwenye kola. Na nyuma ya kila kona ya Alabama mimi nilishaona lori.

Niliiona pia njia ya kutokea, na ilikuwa rahisi hadi nikashangaa hawajaisema. Mbuvi alipoenda kunawa, nilimfuata Masumbuko mahali alipokuwa akirundika matairi.

"Huko utangulie wewe," nilimwambia. "Mwili wako unaujua upande wa kulia. Yeye afuate taa yako, kama wewe ulivyofuata yake."

Aliliweka tairi chini taratibu. "Dada Mumbua, hiyo siwezi."

"Kwa nini?"

"Mzee hatanguliwi. Mimi nitoke mbele, yeye anakula vumbi yangu? Watu watasema nini?"

"Watu gani? Huko Alabama nani anakujua?"

"Mimi mwenyewe nitajijua."

"Atakufa, Masumbuko."

Alifuta mikono kwenye suruali. Alikuwa na uso wa mtu anayeombwa aibe. "Yeye akisema, nitafanya. Mimi siwezi kumwambia. Na wewe, dada, pole, lakini wewe pia uko mdogo wake."

Alisema kweli. Nina shahada, nina mvi, nina watu wanaonisikiliza ofisini, na mbele ya Mbuvi bado mimi ni msichana mwenye sanduku la bati. Hata hivyo nilijaribu. Nilimpelekea chapati siku aliyokuwa mapumzikoni, nikamkuta peke yake na ramani yake, nikasema nilichotaka kusema nikiwa nimesimama.

Alisikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo nimfuate yule kama mkia," alisema.

"Uwe hai tu. Mengine ni yako."

"Nilimfundisha mimi, Mumbua. Kushika usukani wa nchi hii nilimfundisha mimi. Leo nimwambie, mwanangu, nishike mkono?"

"Wazee wako pale Merrylands hushikwa mkono kila siku. Nani huwacheka?"

Nilijuta mara moja. Aliinamia ramani, akapitisha kidole kwenye mstari wa bluu aliouchora, kutoka Atlanta hadi kwenye mto mkubwa wa Memphis. Mkono wake una makovu ya pembe za ng'ombe na ngozi laini ya mtu anayeosha watu kwa sabuni. Niliogopa angenifukuza. Badala yake aliuliza kama chapati zina sukari.

Waliondoka Oktoba. Kanisani waliitwa mbele, wakawekewa mikono, na mchungaji akawaombea malaika wa barabarani. Nilitaka kumuuliza mchungaji kama malaika hao hupita kushoto au kulia, nikajionea haya. Kwenye uwanja wa ndege, Rhoda alimfunga mumewe zipu ya koti hadi kidevuni, ingawa kulikuwa na joto. Masumbuko alikuja na familia yake yote. Mkewe Léonie alikuwa na hofu yake pia, nikaona, nasi tukashikana mikono bila kuambiana ni ya nini. Nilimtazama Mbuvi akienda kwenye lango la abiria, helmeti mkononi, na Masumbuko hatua moja nyuma yake, palepale pa siku zote.

Tangu hapo ninaishi kwa saa mbili, ya hapa na ya Atlanta. Nikiwa kwenye treni asubuhi najua kwao ni jioni na wameegesha, napumua. Wakati wa kulala ninajua wanawasha injini. Jacky huniambia, shangazi, tulia, na huniambia kwa Kiswahili, jambo linaloniogopesha zaidi.

Mbuvi alipiga simu mara moja tangu waingie barabarani. Nilikuwa ninaanika nguo nyuma ya nyumba, ikabidi niketi kwenye ngazi. Sauti yake ilikuwa ya chini, na nyuma yake nilisikia magari mazito yakipita. Alisema walikuwa kituo cha mafuta, ndani ya Alabama. Alisema miti huko ni mirefu na watu wanasalimia. 

Alisema asubuhi ile walijaza mafuta mahali pengine, na yeye akatoka wa kwanza, kama kawaida. Barabara ilikuwa tupu. Hakuna kilichomshtua. Alikuwa akifikiria kitu kingine, hata hakumbuki nini. Alishika kushoto na akaenda kwa raha kabisa, akiimba, hadi lori lilipotokea mbele yake likipiga honi. Yeye alitoka nje ya lami, lori likapita. Hakuanguka. Masumbuko alimfikia, akazima pikipiki, wakakaa kwenye nyasi, na rafiki yake hakusema neno lolote. Mbuvi alisema kimya kile kilikuwa kizito kuliko lori.

Sikumuuliza kitu. Niliogopa nikiuliza atalazimika kujitetea.

Tangu simu hiyo hajapiga tena. Rhoda anasema njia ndogo hazina mtandao, na Léonie naye hajapata kitu. Wanapaswa kuwa karibu na Memphis sasa, au wameshafika na wamekaa kwenye viti vya kukunja, wakibishana kuhusu chumvi. Narudia tu alichoniambia kabla hajakata, haraka haraka, kama mtu anayetaja jambo dogo la kazi:

"Nimemtuma Masumbuko atangulie, akanitazamie njia. Akitumwa na mzee hawezi kukataa."