Fimbo ya Kupigia Picha

Sijawahi kumwambia mtu yeyote: fimbo yangu nyeupe haikuibiwa stendi ya Tukuyu. Mama aliitupa chooni.

Alisema inamtangazia kila mtu kwamba amezaa kipofu.

Sasa sikieni ya leo.

Kikundi chetu cha vijana wasioona kiliisumbua ofisi ya wilaya mpaka tukaitwa kuchukua fimbo mpya. Tukapangwa mstari barazani, mvua ikinyesha (kama kawaida yetu). Nikakabidhiwa yangu. Nyepesi, mpini wa raba. Nikaikunjua, nikagusa sakafu. Kichwani nilikuwa nimeshafika shuleni peke yangu.

Picha zikapigwa. Makofi.

Kisha mgeni rasmi akasema, "Haya vijana, zirudisheni. Kesho zinakwenda kukabidhiwa wenzenu wa kule Masukulu."

Nyie! Nikadhani utani.

Mara mkono ukaivuta fimbo. Nikaing'ang'ania. Mimi, ambaye hata darasani sijibu swali!

"Binti, achia."

"Na wa Masukulu mtawanyang'anya pia?"

Halafu nikafinywa kwapani. Mama.

"Achia, unatuaibisha," akaninong'oneza. Kisha kwa sauti yake ya kanisani: "Ndaga fijo, mheshimiwa. Tumeshukuru sana."

Nikaachia. Nyie mngefanyaje?

Naandika nikiwa na hedifoni masikioni, maana simu hunisomea kila ninachoandika na sitaki mama asikie. Hatua zake hizo, zinakaribia mlango wangu.

Nachomoa hedifoni. Naongeza sauti.

Simu inaanza kusoma kutoka juu kabisa: "Sijawahi kumwambia mtu yeyote..."