Nilivyopeleka Repia Piyaya

Niliondoka nyumbani Ganako kwa sababu ya aibu, tena aibu yenye umri wa miaka mitatu. Mzee Parmwat wa Piyaya, aliyekuwa jirani yangu kwa miaka tisa nilipofundisha shule ya msingi huko, alinipigia simu: mwanawe Saning'o anaoa Jumamosi, nisikose. Mtu mwingine angefurahi. Mimi nilitafuta kiti. Siku niliyostaafu, Mzee alinifunga kiunoni sime ya marehemu baba yake, akasema, "Tembea nayo, Mwalimu. Siku ukirudi kutusalimia, rudi nayo." Nilifika Ganako kiuno kitupu.

Jamani, nilitafuta! Nilipekua magunia, nikafukua hata shimo la taka kwa sururu. Mwisho nikaamua imeibwa, na kwa kuwa aliyenisaidia kushusha mizigo siku ile ni shemeji yangu Gwandu, nikamtaja yeye. Nilimtaja kwenye sherehe ya ubatizo, mbele ya watu, mdomo umejaa pilau. Tangu hapo hatusemezani. Mke wangu Mama Paskalina, ambaye hana kaka mwingine, akitaka kumwona huniambia anakwenda kusaga, kisha anaingia kwa Gwandu kwa mlango wa nyuma. Unga wenyewe harudi nao, nami siulizi.

Sasa nitakwendaje Piyaya bila sime? Aliyeniokoa ni jirani yangu Fabiani, mpishi wa hoteli ya watalii. Kuna mgeni alikuja kufunga ndoa ukingoni mwa kreta akiwa amevaa kama mfalme wa zamani, na alipoondoka akamwachia Fabiani upanga wake kuwa zawadi. Ukisimamishwa ulinifika kifuani, tena mwembamba, na mpini umezungushiwa vyuma kama kikapu cha mayai. "Unaitwa repia," Fabiani alinieleza. "Mgeni alisema asili ya jina ni nguo. Yaani upanga wa kuvaa, mtu akipendeza." Nikaona Mungu amenijibu, ingawa amejibu kwa urefu kidogo.

Ijumaa asubuhi, Karatu mjini. Gari la kwenda Piyaya hupakia jirani na ghala la nafaka la Gwandu. Nilijifanya nasoma vibao vya maduka, repia imefungwa kwenye khanga ya mke wangu. Gwandu alikuwa akikagua maharage kwa bambo, kile chuma chenye mfereji ambacho wafanyabiashara huchoma nacho gunia ili punje zitoke waone zilivyo. Hakusema nami. Alimwambia mpagazi wake, kwa sauti ya kufika hadi Mbulu: "Mwulize Mwalimu tangu lini ananunua mahindi. Halafu mwambie bambo lake halina mfereji, halitatoa hata punje moja."

"Mwambie si bambo, ni repia!" nikamjibu mpagazi.

"Mwambie hata kama ni nabii, halina mfereji."

Iliniuma, maana alikuwa na haki ya kunisema zaidi ya hapo.

Saa tatu, getini mwa hifadhi. Askari aliishika repia kwa vidole viwili. "Mzee, hii ni antena?"

"Hapana, kijana wangu. Ni vazi."

"Vazi?"

Nikamweleza asili ya jina. Ualimu ni ugonjwa, haukutoki kwa kustaafu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi vaa tuone." Nikaivaa, juu ya koti la mvua na raba zangu. Watalii watatu walishuka garini kunipiga picha, na mama mmoja akaniomba niinue mkono mmoja juu. Niliinua. Askari alicheka hadi kofia ikamdondoka, akaniruhusu kupita, ila akaandika kwenye daftari lake "pambo la harusi".

Saa tano, juu ukingoni, ukungu na baridi ya kukata masikio. Dereva wetu Joeli, ambaye ameendesha njia hii tangu nikifundisha Piyaya, alisimamisha gari. Geji yake ya mafuta ilishakufa zamani. "Mwalimu, lete huo mchokoo wako." Kabla sijamfundisha jina sahihi, repia ilikuwa ndani ya tangi hadi kwenye kikapu. Akaichomoa, akaitazama. "Tutafika. Hii dawa! Niuzie." Nilikataa kwa hasira. Kuanzia hapo zawadi ya Mzee ilinuka dizeli, nami nilishuka bonde zima nikiifuta na kutunga uongo.

Alasiri, Piyaya. Watoto walikuja kuinamisha vichwa niwaguse, na Mzee Parmwat akanishika mkono, hakuuachia. "Sopa, Mwalimu!" "Ipa, Mzee!" Alikuwa amekonda kidogo. Nilimpenda mzee yule jinsi nilivyompenda siku zote, na ndiyo maana nilimdanganya papo hapo, kabla hata ya chai.

"Mzee, ile sime. Niliipeleka kwa fundi chuma ainoe. Fundi akazidisha."

"Akazidisha vipi?"

"Aliigonga, akaigonga. Ikarefuka." Nikafungua khanga.

Mzee aliipokea kwa mikono miwili. Akaipima kwa macho, akainusa. "Chuma kimepungua unene, kikaongeza urefu," alisema taratibu. "Hesabu inakwenda. Na hiki kikapu?"

"Mtindo wa siku hizi."

"Yeyo! Njoo uone sime ya baba ilivyokua!" alimwita mkewe. Yule mama akaja, akaishika, akauma shuka yake mabega yakimtikisika. Nilidhani analia kwa furaha. Vijana wakatunga nyama juu yake wakaichoma motoni, na wote tuliokula mshikaki ule tulicheua dizeli.

Ndipo Saning'o, bwana harusi mwenyewe, akaja na mbavu za mbuzi juu ya majani. Akachomoa sime kutoka ala nyekundu kiunoni na kuanza kunikatia. Niliitazama ile sime. Ilikuwa na pengo karibu na ncha. Mpini wake ulikuwa na waya wa shaba ambao niliuzungusha mimi mwenyewe, siku moja nilipoiazima kuchinjia kuku enzi za ujirani wetu.

"Saning'o," Mzee alisema, uso mkavu kabisa, "hebu iweke karibu na hii ndefu. Zisalimiane."

Boma zima likalipuka. Mzee alicheka hadi machozi yakashuka, akawa anaipiga ardhi kwa fimbo. Kumbe niliisahau kwenye gari la Joeli siku ile ile ya kustaafu, naye akairudisha Piyaya kesho yake. Joeli, aliyekuwa anakula mbavu pembeni, akaniuliza, "Si ungeuliza, Mwalimu?"

"Niliona aibu kuuliza!"

"Miaka mitatu?" Mzee alifuta macho. "Na hukumsema mtu?"

Nikamtaja Gwandu, na ubatizo, na pilau. Hapo kicheko kilifutika usoni mwa Mzee.

"Ulimchafua mbele za watu," alisema. "Kamsafishe mbele za watu. Cheza harusi kesho, keshokutwa uende. Na huu mwiba wako umpelekee yeye. Mimi nina sime."

Jumatatu mchana, Karatu mjini. Watu wa kwetu husema safari ni mwalimu. Mimi mwalimu nilikuwa nimefeli. Nilisimama mlangoni mwa ghala, wapagazi sita wakiwa na magunia mabegani, nikasema kwa sauti ya paredi ya shule: "Gwandu hakuiba! Sime niliisahau garini mwenyewe. Nilimsingizia. Shemeji, nisamehe." Nikamkabidhi repia.

Gwandu alichoma gunia nayo, akaichomoa. Haikutoa hata punje moja. Mpagazi mmoja akasema, "Tuiite Mwalimu. Ndefu, halafu haikati kitu." Wakacheka wote, nami nikacheka, kwa sababu nilistahili.

"Kwa hiyo hakuna mwizi?" Gwandu aliuliza. Ilikuwa mara ya kwanza kunisemesha mwenyewe, bila mpagazi katikati.

"Hakuna, shemeji."

"Hakuna kabisa?"

"Kabisa!"

"Basi sururu yangu uliyoazima mwaka ule iko wapi?"

Sururu yake ilikuwa nyuma ya mlango wangu, nimeshaitia mpini mpya. Ndiyo niliyofukulia shimo la taka, nikitafuta sime aliyoniibia.

Kesho yake niliibeba begani mchana kweupe, nikapita nayo madukani kote hadi nyumbani kwa Gwandu. Mama Paskalina alitangulia mbele yangu na beseni la unga kichwani, akabisha hodi mlango wa mbele.