Kitone Kwenye Filamu

Mpiga picha za eksirei wa kliniki ya meno walimwita Mzee Kivuli, kwa kuwa miaka ishirini na sita alishinda katika chumba cha giza akisafisha filamu. Hata chakula cha mchana alikula humohumo. Tangu mkewe afariki, kuna siku maneno yake yote yalikuwa "fungua mdomo" na "usitikisike".

Kisha kompyuta ikaja, naye akabaki kufuta vumbi. Wiki moja kompyuta ikaharibika, wakarudi kwenye filamu ndogo. Akampiga picha binti wa miaka kumi na miwili, mwenye magego mawili ya utoto ya chini yaliyogoma kutoka.

Upande wa kulia, chini ya gego, jino la ukubwani lilionekana limejikunja likingoja njia. Upande wa kushoto palikuwa na mfupa mtupu. Huko jino la ukubwani halikuumbwa kabisa. Basi la kulia ling'olewe, la kushoto litunzwe kama mboni ya jicho. Mzee mwenyewe aling'olewa hilohilo la kushoto utotoni, bila picha, na halikuota jingine. Tangu hapo alicheka mdomo umefumbwa, watu wakadhani anaringa.

Akapeleka filamu zote mbili kwa daktari, kijana aliyezoea kompyuta, akarudi zake gizani. Alipopita tena na ndoo ya maji, akachungulia. Kila filamu ina kitone kilichovimba pembeni. Kikimtazama daktari, kulia ni kulia. Kwenye ubao wa taa wa kutazamia filamu, vitone vyote viwili vilitazama ukutani. Kulia kumekuwa kushoto! Na shavu la kushoto la binti limeshachomwa ganzi.

Akapiga moyo konde, akaingia na ndoo yake.

"Lo, Mzee Kivuli!" daktari akacheka, koleo mkononi. "Leo jua limekutoa?"

"Daktari, kitone."

"Kitone gani tena, mzee wangu?"

"Kimekugeuzia mgongo."

Daktari akazigeuza filamu. Akazitazama, akaliweka koleo chini polepole.

"Kwani kuna nini?" mama wa binti, aliyekaa pembeni, akauliza.

"Tulikuwa karibu kung'oa lisilo na mwenzake chini," daktari akasema kwa sauti ndogo. "Nisamehe, mama."

Binti akamtazama mzee. "Babu, wewe umejuaje?" Ganzi ilimpindisha mdomo.

Mzee akafungua kinywa, akamwonyesha pengo. Binti akacheka upande mmoja. Mzee naye akacheka, meno nje, mpaka ndoo ikamwagika.

Jioni akaandika kwenye daftari lake: *Gego la utoto, chini kushoto. Limebaki.* Nyumbani aliweka kikombe kimoja mezani, akatabasamu mbele ya kiti kitupu cha mkewe. Mdomo ulikuwa wazi. Baada ya kitambo akaufumba, akanywa chai yake.